Malbec ya Argentina na hesabu ya kilo ya zabibu

Mwenye duka la vinywaji anayetaka kuongeza chupa moja nyekundu kwenye rafu yake, na mkulima wa zabibu anayejiuliza kwa nini chupa itokayo mbali huuzwa ghali kuliko ya kwao, wanaweza kuanzia mahali pamoja: Malbec ya Argentina. Huu ni mvinyo mwekundu, mzito, wenye ladha ya matunda iliyo wazi, na hauhitaji utaalamu wowote kuufurahia. Wapo wanaoona habari za mvinyo ni za watu wa hoteli kubwa. Wanakosea. Mvinyo ni zao la shamba lililosindikwa, kama ilivyo kahawa au chai, na bei yake huamuliwa na mambo yale yale anayopambana nayo mkulima wa kawaida: maji, miche, kilo kwa ekari, na jina la nani limeandikwa kwenye kifungashio.

Ukimiminwa kwenye glasi, Malbec nzuri huwa na rangi nzito ya zambarau. Ukiiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, ukingo wake huonekana na rangi ya urujuani, hasa kama mvinyo bado ni mchanga. Harufu yake ni ya plamu zilizoiva vizuri, zile zinazoshuka kutoka Lushoto, pamoja na forosadi na kwa mbali maua. Mdomoni hujaa. Utamu unaosikika si wa sukari, kwani katika chupa nyingi za Malbec sukari karibu yote imekwisha kuliwa na hamira na kugeuzwa kileo. Ni utamu wa tunda lililoachwa likaiva juu ya mti wake. Nyuma yake huja ukakasi, ule unaokausha ulimi mtu akila zambarau changa au bibo la korosho. Mvinyo wote mwekundu una ukakasi, lakini wa Malbec ni laini, hauparuzi, na hapo ndipo inapozishinda nyekundu nyingi za bei yake.

Baadhi ya watengenezaji huuhifadhi kwenye mapipa ya mwaloni, na pipa huongeza harufu ya vanila, moshi kidogo au kahawa iliyokaangwa. Kwa kiasi ni jambo jema. Likizidi, mbao hulifunika tunda, na mnunuzi anajikuta analipia pipa badala ya zabibu.

Kileo chake huwa kati ya asilimia 13.5 na 14.5, karibu mara tatu ya bia ya kawaida. Glasi moja au mbili zinatosha, na dereva asiguse kabisa.

Kosa linalofanyika sana hapa kwetu Afrika Mashariki ni la joto. Watu wameambiwa kwamba mvinyo mwekundu hunywewa bila kupozwa, wakaliamini neno hilo bila kuuliza lilianzia wapi. Lilianzia kwenye nchi za baridi, ambako nyumba huwa na nyuzijoto 16 hadi 18. Mvinyo ulioachwa kwenye kaunta Dar es Salaam kwa nyuzijoto 30 hunuka kileo kitupu na tunda lote hupotea. Chupa iwekwe kwenye jokofu dakika 20 hadi 30 kabla ya kufunguliwa, basi. Kwa chakula, Waargentina wenyewe huunywa na nyama ya ng'ombe iliyochomwa polepole juu ya makaa, wanayoiita asado, kwa hiyo mishkaki na nyama choma ya mbuzi havina tatizo. Mafuta ya nyama hupunguza ukakasi na mvinyo huonekana mtamu zaidi. Usipelekwe kwenye samaki wa kupaka. Haupatani na nazi.

Sasa tuje kwenye shamba, maana ndiko ladha hiyo inakotoka.

Malbec si mzaliwa wa Argentina. Ni zabibu ya kusini-magharibi mwa Ufaransa, hasa eneo la Cahors, ambako huitwa pia Côt. Bordeaux nao waliipanda kwa ajili ya kuchanganya na aina nyingine, lakini baridi kali ya Februari 1956 iliua mizabibu mingi na wakulima wengi hawakuirudia tena. Wakati huo ilikuwa imekwisha kuvuka bahari zamani. Mwaka 1853 mwanasiasa Domingo Faustino Sarmiento, aliyekuja kuwa rais wa Argentina mwaka 1868, alihimiza kuanzishwa kwa shamba la mafunzo ya kilimo katika mkoa wa Mendoza, na bwana shamba wa Kifaransa Michel Aimé Pouget ndiye aliyepewa kazi hiyo. Pouget alileta vipando vya aina kadhaa za Kifaransa, Malbec ikiwemo. Muswada wa kuanzisha shamba hilo uliwasilishwa tarehe 17 Aprili, na siku hiyo sasa huadhimishwa kuwa Siku ya Malbec Duniani. Ni zabibu chache zenye siku yake, na inafaa kukumbukwa kuwa siku hiyo ni ya muswada wa kituo cha kilimo.

Reli kutoka Buenos Aires ilifika Mendoza mwaka 1885. Pamoja nayo wakaja wahamiaji kutoka Italia na Hispania, watu waliojua kupogolea mizabibu na waliokuwa hawawezi kula chakula bila mvinyo mezani. Soko la ndani likawa kubwa mno. Kufikia miaka ya 1970 Mwargentina mmoja alikuwa akinywa wastani wa lita 90 hivi kwa mwaka.

Soko kubwa namna hiyo lilileta ugonjwa wake. Mnywaji alitaka mvinyo wa bei rahisi, kiwanda kikataka kilo nyingi, na mkulima akapanda kinachotoa kilo nyingi. Zabibu za rangi ya waridi kama Criolla na Cereza huzaa kupita kiasi. Malbec huzaa wastani tu. Aliyeuza kwa kilo bila kuulizwa ubora alikuwa na kila sababu ya kuing'oa Malbec, na wengi waliing'oa. Kisha walaji wakabadilika, wakahamia kwenye bia na soda, mvinyo ukafurika viwandani na bei ikaanguka. Mashamba ya mizabibu ya Argentina yalishuka kutoka karibu hekta 350,000 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi kiasi cha hekta 210,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Malbec yenyewe, iliyokuwa na hekta karibu 50,000 katika miaka ya 1960, ilibaki na hekta kama 10,000. Hekta nne kati ya tano ziling'olewa au kukatwa. Zabibu ile ile ambayo leo inaipatia nchi hiyo fedha za kigeni ilikuwa kuni.

Wazee wa Dodoma wanaokumbuka kufa kwa kampuni ya umma ya DOWICO hawahitaji kuelezwa zaidi. Wanajua mzabibu usio na mnunuzi unavyoonekana.

Kilichoigeuza hali ni mambo matatu, na moja tu kati yake lilikuwa bahati.

La kwanza ni mtu aliyekwenda kuangalia wenzake. Nicolás Catena, mchumi kwa elimu na mrithi wa kiwanda cha mvinyo cha familia, alikuwa mwalimu mgeni katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huko aliona jinsi wakulima wa bonde la Napa walivyothubutu kushindana na Ufaransa kwa ubora, na wakalipwa kwa ubora huo. Aliporudi alianza kupunguza mavuno kwa makusudi ili vichala vinavyobaki vipate nguvu zaidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akapanda mizabibu Gualtallary, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo wengi waliona ni baridi mno kwa kuivisha zabibu. Wengine walifuata njia hiyo au walikuwa wameianza kwa namna yao.

La pili ni kuandika jina la zabibu kwenye chupa. Mvinyo wa zamani wa Mendoza uliuzwa kama mvinyo mwekundu tu, wakati mwingine ukiitwa kwa majina ya kuazima kutoka Ufaransa. Mnunuzi wa London au New York aliyeona neno Malbec na neno Mendoza alipata kitu cha kukumbuka na kurudia kununua.

La tatu, hilo ndilo bahati, ingawa bahati mbaya kwa Waargentina wengi. Tangu mwaka 1991 peso moja ilikuwa imefungwa kwenye dola moja ya Marekani. Miaka hiyo ya peso ghali ilikuwa migumu kwa muuzaji wa nje, lakini iliwawezesha wenye viwanda kununua matangi ya chuma kisichoshika kutu, mashine za kukamua na mapipa mapya kutoka nje kwa bei nafuu. Mfungo huo ulivunjika Januari 2002. Ndani ya mwaka huo dola ilifika zaidi ya peso tatu. Akiba za watu ziliteketea, lakini kiwanda kilichokuwa tayari na mitambo mizuri, na gharama zake sasa zikiwa kwa peso, kiliweza kuuza mvinyo bora kwa bei ambayo Mfaransa hakuiweza. Malbec ikaenea Marekani na Uingereza katika miaka michache. Mashamba yake yamerudi kuwa zaidi ya hekta 40,000, na ndiyo inayoongoza kwa mbali katika mvinyo wa chupa unaotoka Argentina kwenda nje.

Mazingira nayo yana sehemu yake. Mendoza ni jangwa lililo chini ya milima ya Andes. Mvua ni kama milimita 200 kwa mwaka, pungufu ya nusu ya ile ya Dodoma. Maji ya mizabibu ni theluji ya Andes iliyoyeyuka, ikishushwa kwa mifereji ambayo asili yake ni wenyeji wa Huarpe kabla ya Wahispania, na siku hizi mashamba mengi hutumia mabomba ya matone. Ukavu huo hupunguza ukungu na dawa za kunyunyiza. Mchana jua ni kali na ganda la zabibu huwa nene na jeusi. Usiku baridi hushuka na uchachu wa tunda hauishi. Ndiyo maana Malbec ya bonde la Uco, lililo kati ya mita 900 na 1,500, huwa na uhai mdomoni kuliko ya tambarare za chini. Adui mkubwa ni mvua ya mawe. Inaweza kulimaliza shamba kwa dakika kumi, na mwenye uwezo hufunika mizabibu kwa nyavu. Baridi ya ghafla ni adui mwingine: iliyopiga mwishoni mwa Oktoba 2022 ilichangia mavuno ya 2023 kuwa madogo kuliko ya miaka mingi iliyotangulia.

Msomaji asidhani kuwa wakulima wote wa Mendoza ni matajiri. Mkulima mwenye Malbec ya Uco hulipwa mbali kuliko mwenye Criolla ya tambarare, na wadogo wengi hawana kiwanda. Kwa miaka mingi mkoa ulikuwa na kiwanda cha umma, Giol, kilichonunua zabibu za wadogo na kusaidia kushikilia bei. Kilipobinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, shughuli zake za kujaza na kuuza mvinyo zilikwenda kwa shirikisho la vyama vya ushirika, FeCoVitA, linalounganisha maelfu ya wakulima na kuuza mvinyo wa mezani uitwao Toro. Ni mvinyo wa kawaida, hausifiwi na waonjaji, lakini unauzwa sana na kiwanda ni cha wakulima wenyewe. Hata hivyo, miaka ya karibuni si mizuri. Mwargentina sasa hunywa chini ya lita 20 kwa mwaka, mauzo ya nje yamepungua, na mfumuko wa bei umewafanya wakulima wengi walalamike kuwa zabibu hailipi gharama. Aliyeweka tumaini lake lote kwenye zao moja na soko la mbali anabaki na hatari zake.

Dodoma je? Kimo chake ni kama mita 1,100, udongo wa kichanga upo, ukame upo. Lakini Dodoma iko karibu na ikweta. Mizabibu yake hailali wakati wa kipupwe kama ile ya Mendoza, na ndiyo maana huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mwargentina angelionea wivu. Kukimbilia kuagiza miche ya Malbec kungekuwa kuanzia mwisho. Dodoma ina Makutupora nyekundu, ina Syrah, ina Chenin Blanc kwa mvinyo mweupe, na ina kituo cha utafiti pale Makutupora. Kinachokosekana ni bei inayotofautisha zabibu na zabibu.

Kipimo kidogo cha mkononi kiitwacho refraktometa huonyesha sukari ya zabibu kwa tone moja tu la maji yake. Malbec huvunwa ikiwa na digrii 24 hivi za Briksi, na kila digrii huzaa zaidi kidogo ya nusu asilimia ya kileo. Mkulima anayevuna kwenye digrii 17 kwa sababu anadaiwa ada ya shule, au anaogopa ndege na wezi, anapeleka kiwandani mvinyo ambao hautafika hata asilimia 10, mwepesi na mchachu. Ikiwa mwenzake aliyesubiri hadi digrii 22 analipwa bei ile ile kwa kilo, mwaka ujao naye hatasubiri. Hakuna semina itakayombadilisha.

Hesabu ya kupunguza vichala ni hiyo hiyo. Chukua mfano wa ekari inayotoa kilo 6,000. Mwenye shamba akiondoa theluthi ya vichala vikiwa vichanga, akavuna kilo 4,000 zilizo bora, anahitaji bei ipande kwa nusu nzima ili tu apate alichokuwa anapata, bado hajalipa vibarua wa kuvikata. Kumhubiria ubora bila kumwonyesha bei hiyo kwenye mkataba ni kumwomba atoe sadaka kwa kiwanda. Viwanda vinavyotaka mvinyo wa kushindana na wa nje viandike madaraja ya sukari kwenye mkataba kabla ya kupogolea, si siku ya mizani, na vyama vya msingi vinunue kipimo chao ili mkulima asitegemee cha mnunuzi peke yake.

Serikali kwa upande wake haijawa mbali. Kwa miaka kadhaa sheria ya Tanzania imetoza ushuru wa bidhaa wa chini sana kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake zimelimwa nchini. Swali ni nafuu hiyo inaishia wapi kati ya kiwanda, duka na shamba.

Msomaji anaweza kulifuatilia mwenyewe kwa lebo ya chupa ya Argentina. Neno Reserva kwenye mvinyo mwekundu wa huko lina masharti: mvinyo utunzwe miezi 12 au zaidi, na lita 100 zitokane na kilo 135 za zabibu au zaidi. Gran Reserva ni miezi 24 na kilo 140. Maana yake chupa ya mililita 750 imekula takriban kilo moja ya zabibu. Kwa hiyo mbele ya rafu yoyote, bei ya chupa inaweza kuwekwa kando ya bei ya kilo moja shambani, na pengo lililo katikati likahesabiwa: kioo, kizibo, usafiri, kodi, faida, jina. Kwa chupa ya Dodoma hesabu hiyo ni fupi zaidi, maana haina meli.

Kwa mwenye duka, ushauri ni kuanza na katoni moja. Katika miji mikubwa chupa za Argentina zipo, ingawa ni chache ukilinganisha na za Afrika Kusini. Majina kama Catena, Zuccardi, Norton na Trapiche yanaaminika, na kila moja lina ngazi kadhaa za bei. Ile ya chini kabisa huwa nyepesi, ya juu kabisa humtaka mnywaji aliyezoea. Ngazi ya kati, iliyoandikwa Malbec na Mendoza, au bora zaidi Luján de Cuyo au Valle de Uco, ndiyo inayompa mteja tunda jingi kwa fedha yake. Asitafute miaka ya zamani. Malbec ya bei ya kati hunywewa ndani ya miaka mitatu hadi mitano, na iliyokaa dukani miaka minane mara nyingi imechoka.

Chupa zisipangwe dirishani kwenye jua ili zipendeze. Joto la wiki chache tu huuharibu mvinyo uliosafiri maelfu ya maili. Yenye kizibo cha gome ilazwe. Yenye kifuniko cha kuzungusha inaweza kusimama. Na jirani yake iwekwe nyekundu ya Dodoma, bei zikiwa wazi, mteja aonje zote mbili kwa nyama ile ile. Chupa iliyofunguliwa ifungwe na kurudishwa kwenye jokofu. Hudumu siku tatu hivi, na kilichobaki baada ya hapo kinafaa kuchemshia nyama ngumu.